Casio fx-82MS kwa rigresheni: inunue pamoja na karatasi ya grafu

Kwa mwanafunzi wa Tanga anayeanza somo la takwimu, kikokotoo cha Casio fx-82MS kinatosha kabisa. Kinatoa mstari wa rigresheni, yaani mstari ulionyooka unaozifaa nukta zako zaidi, na kigezo cha uhusiano, yaani r, namba kati ya −1 na 1 inayopima jinsi nukta zinavyoukaribia mstari huo, bila wewe kujumlisha xy kwa mkono. Udhaifu wake ni mmoja, tena mkubwa: hakichori. Kitakupa r ya kupendeza hata pale ambapo nukta zako hazikai kwenye mstari.

Ukienda kununua Ngamiani hapo Tanga, kwenye zile barabara za namba, usiamini boksi, maana vya kuiga vipo. Omba kiwashwe, ukipime palepale kaunta kwa namba hizi za mazoezi. Chukua x kuwa saa ambazo dagaa wameanikwa juani, na y kilo zilizobaki chanjani: saa 1 kilo 9, saa 2 kilo 8, saa 3 kilo 6, saa 4 kilo 5, saa 5 kilo 3.

Bonyeza MODE, 3 kuingia REG (rigresheni), kisha 1 kuchagua Lin (mstari ulionyooka). Futa data za zamani: SHIFT, MODE, 1, halafu =. Sasa bonyeza 1, alama ya mkato, 9, M+. Skrini isome n=1, yaani jozi moja imeingia. Ikisoma namba kubwa zaidi, hukufuta, na majibu yako yatachanganyika na hesabu za mtu mwingine. Hilo ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko mengine yote, kwa sababu kikokotoo hakilalamiki, kinatoa jibu tu. Endelea mpaka jozi ya tano. N iwe 5. Ikiwa 6, umegonga M+ mara mbili, na jozi moja imehesabiwa kama mbili.

Majibu yako ndani ya SHIFT 2, halafu mshale wa kulia mara mbili. Hapo 1 ni A, 2 ni B, 3 ni r, kila moja ikifuatwa na =. Kikisoma A 10.7, B −1.5 na r karibu −0.9934, kilipie.

Angalia herufi kabla ya kunakili. Mashine hii inaandika y = A + Bx, kwa hiyo A ni mahali mstari unapokata mhimili wa y na B ndio mteremko. Aliyezoea y = ax + b huzigeuza, akaandika kwamba dagaa wanaongezeka kilo 10.7 kila saa. Na alama ya kutoa kwenye r isikutishe: uhusiano ni mkubwa, ila unashuka. Ukikipandisha r kwa kipeo cha pili unapata 0.987, maana yake mstari huu unaeleza asilimia 98.7 ya mtawanyiko wa kilo zile.

Sasa kiulize saa ya 8. Andika 8, SHIFT 2, mshale wa kulia mara tatu, 2, =. Jibu: −1.3. Kilo hasi za dagaa! Hesabu haina kosa. Kosa ni kuutoa mstari nje ya saa 1 hadi 5 ulikopimiwa. Samaki juani hupoteza maji haraka mwanzoni, kisha kasi inapungua, na aliyekauka haendi chini ya uzito wa nyama na mifupa yake. Mstari ulionyooka haujui hilo.

Kuna mtego mwingine ambao hata walimu huupita haraka. Muuza dagaa wa soko la samaki la Deep Sea akitaka kujua ni saa ngapi zimepita chanja lilipofika kilo 4, kikokotoo kina chaguo la kukadiria x, nacho kinajibu 4.47. Lakini hiyo ni rigresheni ileile ya y kwa x, yaani ya kukadiria kilo kutokana na saa, iliyopinduliwa. Swali la mtihani likidai rigresheni ya x kwa y, lazima ufute, uingize upya kilo kwanza na saa baadaye. Hapo unapata 4.45. Tofauti ni ndogo hapa kwa kuwa r iko karibu na −1. Kadiri r inavyokaribia sifuri ndivyo mistari hiyo miwili inavyoachana.

Kuhusu picha: mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alitoa mafungu manne ya data, kila moja lina jozi 11, yote yakitoa mstari karibu uleule, y = 3 + 0.5x, na r karibu 0.816. Yakichorwa, moja ni mstari wa kawaida, la pili ni upinde, la tatu limevutwa na nukta moja iliyopotea, na la nne nukta kumi zimesimama wima juu ya x moja. Kwenye fx-82MS yote manne ni kitu kimoja. Jaribu pia x za −2, −1, 0, 1, 2 na y za 4, 1, 0, 1, 4: r ni 0, ingawa y ni x kipeo cha pili bila kukosea hata nukta moja.

Kwa hiyo, unapolipia kikokotoo, chukua na karatasi za grafu. Weka nukta kwa penseli kwanza, zitazame, ndipo ubonyeze MODE.