Mfumo wa Pamoja wa G20 wa kupanga upya madeni ya nchi: unahitajika sana ila unachelewesha mno

Hii huduma nimeifuatilia tangu ianzishwe Novemba 2020 na G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa duniani, pamoja na Klabu ya Paris, umoja wa serikali zinazokopesha nchi nyingine, na nataka niiseme kama ilivyo maana nchi zilizolemewa na madeni bado zipo kibao. Kwa asiyeijua, kazi yake ni kuikalisha nchi masikini meza moja na wadai wake wote. Zamani Klabu ya Paris ilitosha kwa sababu wadai wakubwa walikuwa serikali za magharibi, siku hizi kuna China inayodai nchi nyingi kuliko serikali nyingine yoyote, kuna mabenki, halafu kuna wale wenye yurobondi (hati za mkopo ambazo nchi inawauzia wawekezaji wa nje kwa fedha za kigeni), na kuwakusanya wote hao sio kazi ndogo. Hapo nawapongeza kabisa, kwenye deni la Zambia China na Ufaransa walikuwa wenyeviti wenza, na zamani wala usingefikiria.

Tatizo ni spidi jamani. Zambia ilishindwa kulipa riba ya yurobondi dola milioni 42.5 Novemba 2020, ikapeleka maombi mwanzoni mwa 2021, makubaliano na serikali zinazoidai yakapatikana Juni 2023, deni la dola bilioni 6.3, watu wakapumua wakajua yameisha, kumbe Novemba 2023 dili la wenye bondi likakataliwa na zile zile serikali kwa hoja kwamba wenye bondi hawajakubali kupunguza vya kutosha, ikabidi warudi kujadiliana mpaka Juni 2024 ndo likafungwa. Yaani miaka mitatu na zaidi! Na muda wote huo riba isiyolipwa inalimbikizwa, wawekezaji wanasita, miradi inasimama, na katikati ya hayo yote Februari 2024 ukame ukatangazwa kuwa janga la taifa. Nchi inapambana na njaa huku mawakili wanabishana nani apunguze asilimia ngapi.

Ethiopia nayo iliomba 2021, ikafika Desemba 2023 ikashindwa kulipa dola milioni 33 za riba, na makubaliano ya awali na serikali zinazoidai yakaja Machi 2025. Chad iliongezewa muda tu, deni lenyewe halikupunguzwa. Ghana angalau ilienda haraka, ilisimamisha malipo Desemba 2022 na bondi za dola bilioni 13 zikabadilishwa Oktoba 2024, kwa hiyo wanajifunza, nakubali. Ila Sri Lanka ilipokwama 2022 haikuruhusiwa hata kuingia mlangoni kwa sababu haimo kwenye orodha ya nchi masikini 73 zinazoruhusiwa kuutumia mfumo huu, ikajadiliana na wadai wake nje ya mfumo.

Kinachokosekana kwangu mimi ni kitu kimoja kikubwa: nguvu ya kisheria. Kampuni ikifilisika kuna mahakama, wadai wanazuiwa, kila mtu anasubiri zamu. Nchi haina hiyo. Ukiomba leo hakuna kinachosimamisha malipo moja kwa moja, hakuna tarehe ya mwisho, na mwenye bondi hashurutishwi na mtu, anaweza kukaa pembeni asubiri wenzake wasamehe halafu yeye adai chote. Sio nadharia hii, kampuni ya Donegal International ilinunua deni la zamani la Zambia kwa Romania kwa kama dola milioni 3, ikaenda mahakamani London, na 2007 ikapewa zaidi ya dola milioni 15. Baada ya hapo Uingereza ikatunga sheria 2010 ya kuzuia mchezo huo kwa madeni ya zamani ya nchi masikini. Kwa hiyo inawezekana! Yurobondi karibu zote ziko chini ya sheria ya Uingereza au New York, sehemu mbili tu, zikibadilisha sheria zao mwenye bondi hana pa kukimbilia.

Na msiniambie eti nchi zilikopa ovyo basi zilipe. Mkopeshaji alishaona hatari, ndo maana akatoza riba kubwa, sasa hatari imetokea anataka alipwe kama vile haikuwepo?

Kitu kingine, hesabu za deni bado zinachukulia mafuriko na ukame kama ajali ya mara moja. Grenada ilikuwa na kipengele cha kimbunga kwenye bondi yake, kimbunga Beryl kilipopiga 2024 ikaahirisha malipo bila kumpigia mtu magoti. Kipengele hicho kiwe lazima kwenye kila mkataba unaopangwa upya.

Nawapa nyota mbili na nusu kati ya tano. Nchi inayofikiria kuomba isisubiri akiba ya dola iishe, iombe mapema, ing'ang'anie malipo yasimame kuanzia siku ya maombi, na mikataba yote iwekwe hadharani ili wananchi wanaoilipa wajue wanadaiwa na nani na kwa riba gani.