Kamati isiyokaa kikao: nilivyokisoma A Dance with Dragons

Natahadharisha mapema: humu namwaga siri zote. Kama uko kwenye mfululizo wa riwaya wa George R. R. Martin na hujamaliza kitabu cha tano, ambacho ndicho hiki A Dance with Dragons, kamalize kwanza.

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Tanga. Harusi, maulidi, arubaini, nikiitwa nabeba masufuria yangu naenda. Vitabu nasoma usiku wa kuamkia shughuli, nikilinda nyama isipotee. Hiki nilikinunua 35,000, na kisirani kikaanzia hapohapo. Toleo la Uingereza la jalada laini limegawanywa vipande viwili, Dreams and Dust na After the Feast, na muuzaji alinipa cha kwanza bila kuniambia kina mwenzake. Nilipofika mwisho nilidhani karatasi zimechomoka. Basi ukienda kununua, uliza kabisa ni kimoja au viwili.

Kilichonifanya niandike ni habari za Kaskazini. Robb Stark, mfalme kijana wa huko, alialikwa harusini akachinjwa na ukoo wa Frey, watu wake nao wakachinjwa, na Roose Bolton aliyekuwa upande wake akapewa Kaskazini yote kama zawadi. Katika kitabu hiki mabwana wa Kaskazini wamekusanyika Winterfell, ngome ya akina Stark, kwa harusi nyingine, ya Ramsay, mtoto wa Bolton. Wanainama, wanakula, wanakunywa. Wasomaji wengi tunaamini wengine kati yao wana baraza la siri na wanangoja siku ya kumrudisha Stark kitini. Wapo wanaomwingiza barazani kila mtu, mpaka unajiuliza Bolton amebaki na nani.

Mimi naliamini baraza hilo, na mwalimu wangu ni Bwana Wyman Manderly wa White Harbor, mtu mnene mpaka haketi juu ya farasi.

Yeye ndiye aliyeleta chakula cha harusi. Yakaingia mapai matatu, mapana kama magurudumu ya mkokoteni, ndani nyama ya nguruwe imeogelea mchuzi mzito na karoti, vitunguu na uyoga. Walisema ni nguruwe. Kwangu ingekuwa haramu vyovyote vile, ila hapo nikaacha kisu cha vitunguu nikasoma mara mbili. Ramsay anakata, Manderly anagawa mwenyewe. Anampa Bolton kwanza na mkewe, ambaye ni Frey, kisha wakubwa wa akina Frey, halafu anakula yeye: vipande sita, viwili kutoka kila pai, mchuzi unamchuruzika kifuani. Jamani, miaka yote ya kazi hii sijaona mleta chakula anayekula hivyo mbele ya wageni. Mwenye shughuli hali. Anazunguka, anauliza kama pilau limefika meza ya nyuma, na yeye hula ukoko saa nane usiku. Ukimwona amekaa na sahani, na anaonja kila sinia sawasawa, ujue kuna jambo.

Na wanaume watatu wa Frey waliotoka White Harbor kuja Winterfell hawakufika. Watatu, na mapai matatu. Akishalewa, Manderly anataka uimbwe wimbo wa Mpishi wa Panya, yule wa hadithi za kwao aliyempikia mfalme pai la mwanawe. Mwandishi hasemi zaidi, na hapo namvulia kilemba.

Utamu uko kwenye farasi. Mpishi wa Panya hakuadhibiwa kwa pai, aliadhibiwa kwa kumuua mgeni aliye chini ya dari yake. Manderly alilijua hilo. Alimwambia Davos, mjumbe wa Stannis anayedai ufalme na kupigana na Bolton, kwamba atawapa wale Frey watatu farasi kila mmoja, zawadi ya mgeni, na zawadi hiyo hutolewa siku mgeni anapoondoka. Wakishatoka getini na farasi wao, si wageni tena. Mtu anayepanga hivyo si mlevi.

Tena si yeye peke yake. Huyohuyo Davos ulimwengu unajua amekatwa kichwa. Kilichoning'inizwa ukutani ni kichwa cha mhalifu, ili Manderly arudishiwe mwanawe aliyekuwa mateka. Davos anatumwa kisiri kisiwa cha Skagos kumtafuta Rickon, mdogo wa Robb. Upande mwingine, kabla ya kufa, Robb aliandika wosia, mabwana wakaweka mihuri yao, na aliwaagiza wafuasi wake Maege Mormont na Galbart Glover waende kumtafuta Howland Reed, bwana wa kule kwenye mabwawa. Kisha Lyanna Mormont, binti wa Maege, mtoto wa miaka kumi, anamwandikia Stannis kwamba kisiwa chao hakimjui mfalme asiyeitwa Stark. Mtoto hapati ujasiri huo hewani.

Ila Barbrey Dustin, bibi mkubwa mmoja wa Kaskazini, simtii barazani, hata mkinizomea. Mumewe alikwenda vitani na Ned Stark, baba wa Robb; farasi akarudi, mifupa ya mume haikurudi. Mjane aliyenyimwa kaburi la kwenda kulilia hasamehi kwa sababu ya siasa. Na akina Umber, ukoo mwingine wa Kaskazini? Mmoja yuko ndani na Bolton ameleta wazee, nduguye yuko nje kwenye theluji na vijana. Wengine wanasema ni mpango. Mimi naona ni familia ambayo mkubwa wao ni mateka, inaweka mguu huku na huku.

Kwa hiyo kamati yangu haina mwenyekiti, haina katibu, haikai kikao. Kila mtu ana sufuria lake na hajui la jirani lina nini. Hilo ndilo linalonitisha, maana Robb alipoandika wosia aliamini wadogo zake wa kiume wote wamekufa, na alikwisha kumwambia mama yake anataka kumrithisha Jon Snow, mtoto wa nje wa baba yake. Manderly naye anamngoja Rickon. Harusi moja, mabwana harusi wawili, na kadi zimeshatoka! Jon mwenyewe mwisho wa kitabu tunamwacha amechomwa visu.

Walioona tamthilia tu ya televisheni, Game of Thrones, wamekosa haya karibu yote. Kule pai wamepewa Arya, dada wa Robb, mwaka 2016, Manderly hana kazi.

Kasoro zipo. Nje ya Kaskazini, safari ya mhusika Tyrion mtoni inachosha, habari za mji wa Meereen zinazunguka palepale, na vita vya theluji kati ya Stannis na Bolton vilivyoandaliwa kurasa zote hizo havipiganwi. Kitabu kilitoka 2011 na cha sita hatujakishika mpaka leo. Nyota nne, ya tano naizuia hadi nijue wosia umefika wapi.

Juzi nilikuwa na shughuli Chumbageni. Mwenye shughuli alikuja jikoni kujipakulia biriani mara ya tatu, anakula amesimama, anatabasamu. Nilichungulia ukumbini nikaanza kuhesabu wakwe.