Dave's Redistricting: programu ya kuchora maeneo bunge inayomfaa kila anayefuatilia chaguzi za majimbo ya Marekani

Dave's Redistricting ni programu ya bure inayofanya kazi ndani ya kivinjari cha kompyuta, na kazi yake ni moja: kumwezesha mtu yeyote kuchora mipaka ya maeneo bunge ya jimbo lolote la Marekani, kisha kumwonyesha ramani aliyoichora ingezaa uchaguzi wa namna gani. Ilianzishwa mwaka 2009 na Dave Bradlee, mhandisi wa programu za kompyuta kutoka Seattle, na tangu hapo imekua hadi kufikia hatua ya kutumiwa na waandishi wa habari, walimu wa vyuo vikuu, wanaharakati na hata watu wanaokwenda kutoa maoni mbele ya tume za mipaka. Nimeitumia zaidi kwa jimbo la Wisconsin, na tathmini hii itabaki huko, kwa sababu sijui jimbo jingine ambalo mipaka ya bunge lake imezua mvutano mrefu kiasi hicho katika miaka ya karibuni.

Bunge la Wisconsin lina baraza la chini lenye viti 99, vinavyopigiwa kura kila baada ya miaka miwili, na seneti yenye viti 33, ambavyo nusu yake hupigiwa kura kila baada ya miaka miwili kwa muhula wa miaka minne. Kila eneo la seneti huundwa na maeneo matatu ya baraza la chini yaliyounganishwa. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 5,893,718 katika jimbo zima, kwa hiyo eneo moja la baraza la chini linapaswa kuwa na watu wapatao 59,533. Idadi hiyo ndiyo kitu cha kwanza ambacho programu inakuwekea mbele ya macho. Ukishachagua jimbo na aina ya ramani, unapewa ramani tupu iliyogawanywa katika kata za kupigia kura. Unachagua namba ya eneo, unapaka rangi kata moja baada ya nyingine, na pembeni mwa skrini unaiona idadi ya watu ikipanda kwa kila kata unayoiongeza. Ukipita kiwango, inakuonya. Ukiacha kata bila rangi, inakutafutia ilipo.

Maelezo hayo yanaweza kuifanya kazi ionekane kuwa ya kiufundi tu. Utamu wake unaanza pale unapoingia katika mji halisi. Chukua Sheboygan, mji ulio ufukweni mwa Ziwa Michigan, kaskazini mwa Milwaukee. Sensa iliukuta na watu 49,929, yaani unaingia mzima katika eneo moja na bado nafasi ya watu kama elfu kumi inabaki. Nilipoupaka rangi moja, kisha nikaongeza Kohler na Sheboygan Falls zilizo upande wa magharibi, eneo lilikaribia kabisa idadi inayotakiwa, na hakuna kaya ya mjini iliyotenganishwa na jirani yake. Hata hivyo, katika ramani iliyotumika kwa zaidi ya muongo mmoja, Sheboygan ulikatwa vipande viwili, nusu ikaingia eneo la 26 na nusu nyingine eneo la 27, kila nusu ikiunganishwa na vijiji vya kutosha kuzizidi nguvu kura za mjini. Mtu anaweza kusoma makala nyingi kuhusu jambo hili asilielewe vizuri. Akilichora mwenyewe kwa dakika chache, ataona kwamba hapakuwa na sababu ya hesabu ya watu iliyolazimisha mji ule ukatwe. Ramani ya mwaka 2024 iliuunganisha tena ndani ya eneo la 26, na katika uchaguzi wa Novemba mwaka huo kiti hicho kilichukuliwa na chama cha Democratic.

Inafaa kueleza ramani hiyo ya awali ilikotoka, kwa kuwa hapo ndipo thamani ya programu hii inapoonekana. Mwaka 2011 chama cha Republican kilikuwa kimeshika mabaraza yote mawili pamoja na kiti cha gavana. Mipaka mipya ilichorwa faraghani katika ofisi ya mawakili iliyo ng'ambo ya barabara kutoka jengo la bunge mjini Madison, na wabunge wa chama hicho waliitwa kuonyeshwa maeneo yao baada ya kutia saini hati za kutunza siri. Mwaka uliofuata, wagombea wa Republican walipata asilimia 48.6 ya kura za baraza la chini kwa jimbo zima, lakini wakaondoka na viti 60 kati ya 99. Mwaka 2018, Tony Evers wa Democratic alishinda ugavana, na bado Republican wakabaki na viti 63. Mahakama Kuu ya jimbo ilipoidhinisha ramani mpya baada ya sensa ya 2020, nayo ilifuata kwa karibu mipaka ya 2011. Leo mtu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kupima ramani ya namna hiyo mara tu inapotangazwa, wakati watunga sheria bado wanaijadili, na kusema kwa takwimu ni nani ananufaika nayo. Hilo ni jambo kubwa, na nadhani halijasifiwa vya kutosha.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ile ya alama. Programu huipima ramani yako kwa vigezo vitano: uwiano kati ya kura na viti, ushindani, uwakilishi wa makundi ya wachache, maeneo kuwa na umbo lililoshikamana, na kutokatwa kwa kaunti. Kila kigezo hupewa alama kuanzia 0 hadi 100, na unaweza kulinganisha ramani yako na ramani rasmi ya jimbo. Kinachonivutia hasa ni gharama, maana huwezi kupandisha alama moja bila kuona nyingine ikishuka. Wapiga kura wengi wa Democratic wa Wisconsin wamejazana katika kaunti ya Dane, ambako ndiko Madison, na katika jiji la Milwaukee. Ukichora maeneo ya mviringo mzuri, yasiyokata kaunti bila sababu, utaona chama hicho kikishinda viti vya Madison kwa kishindo na kushindwa kwa tofauti ndogo katika sehemu nyingi za mashambani na miji midogo. Ukitaka viti vilingane na kura, huna budi kuanza kuyavuta maeneo ya Madison kutoka mjini kuelekea vijijini, kwa umbo la vidole virefu, na hapo alama ya umbo inaporomoka na kaunti zinaanza kukatika. Anayedai kwamba ramani ya haki ni jambo rahisi, na anayedai kwamba jiografia peke yake ndiyo iliyosababisha viti 60 kwa asilimia 48.6 ya kura, wote wawili wangepaswa kukaa mbele ya skrini hii wajaribu. Jiografia ina mchango wake, tena si mdogo, lakini ukiichora Wisconsin bila kumlenga mtu utaona ni vigumu sana kufika pale ramani ya 2011 ilipofika.

Kigezo cha makundi ya wachache nacho kimeshughulikiwa kwa makini. Mwaka 2012 mahakama ya shirikisho iliamuru maeneo ya 8 na 9, yaliyo upande wa kusini wa Milwaukee, yachorwe upya kwa sababu wapiga kura wenye asili ya Amerika ya Kilatini walikuwa wamegawanywa kwa namna iliyopunguza nguvu ya kura zao. Ukivuta ramani karibu na mitaa hiyo na kuchagua rangi zinazoonyesha makundi ya wakazi wenye umri wa kupiga kura, unaona bayana jinsi mstari ukisogezwa mitaa michache unavyoweza kuigawa jamii katika sehemu mbili, kila moja ikiwa ndogo mno kumchagua mtu wake.

Kuna kipimo kingine ambacho kwa Wisconsin kina uzito wa pekee, nacho ni kama eneo limeungana lote pamoja. Katiba ya jimbo inataka kila eneo bunge liwe ardhi iliyoungana. Katika uamuzi wa Desemba 2023, uliopitishwa na majaji 4 dhidi ya 3, Mahakama Kuu ya Wisconsin ilibaini kwamba angalau maeneo 50 kati ya 99 ya baraza la chini, na angalau 20 kati ya 33 ya seneti, yalikuwa na vipande vilivyojitenga na sehemu nyingine, mithili ya visiwa. Vipande hivyo vingi vilitokana na miji kutwaa ardhi isiyopakana nayo, kisha wachora ramani wakafuata mipaka ya miji kama ilivyo. Programu huviorodhesha vipande vya namna hii, na ukibofya kimoja inakupeleka moja kwa moja kilipo. Bila msaada huo kazi ingekuwa ya kuchosha kupita kiasi, kwani vingine ni vidogo mno kuonekana kwa macho kwenye ramani ya jimbo zima. Baada ya uamuzi huo, gavana Evers alitia saini ramani mpya tarehe 19 Februari 2024, na uchaguzi wa mwaka huo uliipunguza hesabu ya Republican katika baraza la chini kutoka viti 64 hadi 54, wakati huohuo Donald Trump akilishinda jimbo kwa tofauti ya kura zisizofika 30,000.

Sasa nifike kwenye kasoro, na hii naitaja kwa uzito kwa sababu inagusa matokeo yenyewe. Programu hukadiria mwelekeo wa kila eneo kwa kutumia kura zilizopigwa katika chaguzi za jimbo zima, kama vile za urais, useneta wa Marekani na ugavana, kwa kuchukua wastani wake kata kwa kata. Kwa maeneo ya Bunge la Marekani, yenye watu laki saba na zaidi, makadirio hayo hukaribia ukweli. Kwa eneo la watu 59,533, mtu anayegombea ana uzito ambao wastani hauwezi kuuonyesha. Steve Doyle wa Onalaska, katika kaunti ya La Crosse, alikishikilia kiti cha eneo la 94 kwa tiketi ya Democratic tangu 2011, na mwaka 2024 alikitetea kwa tofauti ya kura zisizofika 300. Katika kinyang'anyiro kama hicho, mbunge kufahamika nyumba kwa nyumba, au mpinzani kuanza kampeni mapema, kunatosha kugeuza matokeo, na hakuna rangi kwenye ramani itakayokwambia hayo. Programu yenyewe haidai kutabiri mshindi. Tatizo ni kwamba asilimia zinazoonyeshwa zikiwa na desimali zinampa msomaji mgeni uhakika zaidi ya ule zinaostahili, na nimeona watu wakizichukua picha za skrini na kuzisambaza kana kwamba ni matokeo ya uchaguzi. Ningependa kila eneo lionyeshwe pamoja na kiwango chake cha shaka, hasa yale yaliyo kati ya asilimia 45 na 55.

Kasoro nyingine ni nyepesi zaidi. Maelekezo yote ni ya Kiingereza, na istilahi zake ni nzito hata kwa anayeijua lugha hiyo vizuri. Kwenye simu kazi haiendi. Inahitaji skrini pana na kipanya, la sivyo utajikuta unapaka kata usiyoikusudia. Ili kuhifadhi ramani ni lazima ufungue akaunti, ambayo nayo ni ya bure. Ramani zinazochapishwa na watumiaji wengine ni nyingi mno na hazijachujwa, kwa hiyo utakutana na zilizochorwa kwa bidii karibu na zilizochorwa kwa makusudi ya kukipendelea chama kimoja kupita mipaka. Hizo za mwisho zina faida yake pia kwa anayetaka kujifunza, kwani zinaonyesha mtu mwenye nia anaweza kufika wapi bila kuvunja kanuni ya idadi ya watu.

Namna ya kutoa kazi yako nje ya programu imepangwa vizuri. Unaweza kupakua faili linaloonyesha kila kipande cha sensa kimewekwa eneo gani, na ndilo faili ambalo kwa kawaida tume, mahakama na wataalamu hulihitaji ili kuikagua ramani kwa zana zao wenyewe. Kwa sababu hiyo, mwananchi anayekwenda kwenye kikao cha kutoa maoni anaweza kupeleka pendekezo kamili linalokaguliwa sawasawa na lile la chama, badala ya kulalamika kwa maneno tu kwamba mtaa wake umekatwa. Kwangu mimi hiyo inatosha kuipa programu alama ya juu kabisa licha ya kasoro niliyoieleza.

Anayetaka kuanza nisingemshauri aanze na Wisconsin yenye maeneo 99, na asijaribu kabisa New Hampshire, ambayo baraza lake la chini lina wajumbe 400. Aanze na Nebraska. Bunge lake lina baraza moja tu, maseneta 49, na kila eneo lina watu kama 40,000. Omaha na Lincoln zitampa ugumu wa kutosha kumfundisha, na kaunti za magharibi zenye watu wachache atazimaliza kwa muda mfupi, kwa kupaka kaunti nzima kwa mbofyo mmoja.