Nyota za nani? Pa kuuliza kabla hujanunua kitabu

Mwaka jana nilinunua riwaya kwa sababu ya nyota tu. Duka la mtandaoni liliandika 4.8. Nikalipa, nikangoja wiki tano, na kufika ukurasa wa 30 nikawa nasinzia. Niliporudi kuangalia vizuri, kumbe hiyo 4.8 imetoka kwa watu tisa. Tisa! Hata kamati ya harusi mtaani kwetu ina watu zaidi ya hapo.

Siku hizi, kabla sijatoa hela, napitia kwanza huduma za kupendekeza vitabu. Zote nitakazozitaja unaanza bure, gharama ni bando lako. Nazipanga hivi.

Namba moja naipa StoryGraph, aliyoianza Nadia Odunayo wa Uingereza mwaka 2019. Nyota zake zinakatwa hadi robo, kwa hiyo 3.75 inawezekana. Ila kilichonivuta ni maswali inayowauliza waliokwisha kusoma: kitabu ni cha huzuni au cha kuchekesha? Kinakwenda mbio au taratibu? Kinabebwa na matukio au na wahusika? Ukija kutafuta, unaomba kile hasa unachotaka, mathalani cha kuchekesha, chenye mwendo wa kasi, kisichofika kurasa 300. Anayesomea kwenye daladala ananielewa. Nyota zinakwambia mtu alikipenda kitabu, majibu haya yanakwambia alipenda nini. Kuna kifurushi cha kulipia, mimi sijakihitaji.

Ya pili ni LibraryThing ya Tim Spalding, ipo tangu 2005. Sura yake ya kizamani, usiende kutafuta urembo. Unaorodhesha humo vitabu ulivyonavyo; zamani ukipitisha 200 ulilipa, tangu 2020 ni bure kabisa. Inalinganisha kabati lako na makabati ya wengine, kisha inakuonyesha wenye vitabu kama vyako wana nini kingine. Inachota taarifa kwenye maktaba nyingi, ikiwemo ile ya Bunge la Marekani, kwa hiyo wapenzi wa historia na vitabu vya zamani watafurahi.

Goodreads naiweka ya tatu, na najua wengi watanibishia, maana ndiko waliko watu. Ilifunguliwa 2007, Amazon wakainunua 2013. Hapo nyota ni nzima tu, nusu hakuna. Halafu kuna jambo linalotuponza sisi tuliokulia kwenye alama za mitihani: tunaona 3 kati ya 5 tunadhani kitabu kimefeli. Kwao nyota mbili maana yake ni "si kibaya", na tatu ni "nimekipenda". Kitabu chenye 3.8 kutoka kwa watu elfu 40 kimesifiwa haswa.

Wastani nao usiuamini peke yake. Fungua mchanganuo wa nyota. Nusu wakitoa tano na nusu wakitoa moja, unapata 3. Wote wakitoa tatu, unapata 3 ile ile. Mimi hicho cha kwanza ndicho ninachokinunua, kina ugomvi ndani yake. Ila tazama pia tarehe ya kuchapishwa: mwaka 2023 Elizabeth Gilbert wa Marekani alisitisha kutoa riwaya yake ambayo hadithi yake inatokea Urusi baada ya mamia ya nyota moja kumiminwa Goodreads, na kitabu kilikuwa bado hakijatoka.

Mkiani nayaweka mapendekezo ya maduka yenyewe, yale ya "walionunua hiki walinunua pia". Yanajua umelipia nini, hayajui kama ulikipenda. Nilimnunulia mpwa wangu kitabu cha hesabu, duka likanifuata na aljebra mwezi mzima.

Na vitabu vya Kiswahili? Hapo zote zinayumba. Mitambo hii inategemea watu wengi waliosoma vitabu vile vile, na riwaya yenye wakadiriaji wanne haina cha kulinganishwa nacho. Kwa hivyo naenda Posta kwa muuza vitabu vya mtumba, anayetandaza turubai lake chini. Hajui nyota. Kabla hajanipa kipya ananiuliza: "Kaka, kile cha wiki ile ulikimaliza, au ulikiachia njiani?"