Paketi ya trauti na rafti Sagana kwa siku moja: uzoefu wangu

Wadau, mwezi wa sita tulienda hii paketi ya Sagana, kuvua trauti, wale samaki wa maji baridi, asubuhi na rafti, yaani boti ya mpira ya kushuka nayo maporomoko, mchana, watu watano kutoka Nairobi, na kwa sababu nilitafuta sana mtu ameenda anishauri nikakosa, wacha niwaambie vile ilikuwa.

Kitu hatukuambiwa wakati wa kulipa ni kwamba mto ni mmoja sawa, lakini trauti hawaishi mahali rafti ziko. Trauti anataka maji baridi na safi yanayokimbia, kwa hivyo unaenda juu huko upande wa Kiganjo, mto ukiwa ndio unatoka Mlima Kenya. Rafti nazo ziko chini Sagana kwenyewe, maji yameshapata joto na rangi ya chai ya maziwa. Hapo katikati unapita Karatina na ni zaidi ya saa nzima ndani ya gari, nguo zikiwa zimelowa.

Kuvua kulikuwa kutamu ajabu. Aliyetuongoza ni mzee wa hapo hapo, mpole, haongei sana. Mimi nimezoea tilapia, unaweka mnyoo unakaa unapiga stori. Huku hapana. Nilisimama tu ukingoni nikamsikia, "Kijana, rudi nyuma, kivuli chako kimefika kwa samaki kabla yako." Kumbe trauti hukaa ameangalia kule maji yanatoka akingoja kuletewa chakula, so unamjia kwa nyuma, unarusha nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa ifanane na mdudu, mbele yake, unaacha maji yampelekee. Ukivuta mshipi tu anajua ni uongo. Masaa mawili nikashika mmoja, mdogo, ana madoadoa na mstari wa pinki ubavuni, mzee akasema arudi majini akue. Nilirudisha roho ikiuma lakini sawa.

Vifaa sasa ndio aibu. Buti zangu zilivuja dakika ya kwanza na yale maji ni barafu iliyoyeyuka jamani, halafu fimbo mbili kati ya tano mashine ya kukunja mshipi ilikuwa imekwama. Na leseni ya kuvua ikawa ni pesa ya juu, tulidhani iko ndani ya paketi. Ulizeni mapema.

Rafti tulifika saa tisa badala ya saa saba, kila mtu ana njaa, na chakula ni baada. Lakini vijana wa pale wako makini, walitufunza kila amri kabla tuingie, na ukianguka unalala chali miguu ikiangalia mbele, usijaribu kusimama mguu usije ukanaswa kwa mawe. Nilidhani ni maneno tu mpaka niliporushwa kwa maporomoko ya pili, nikakumbuka yote kwa sekunde moja. Mvua za Aprili na Mei zilikuwa zimeacha maji mengi, kwa hivyo rafti ilikuwa kali, mikono iliniuma siku tatu kwa kupiga kasia. Asiyejua kuogelea anaweza, laifu jaketi inakubeba, lakini mwambieni kiongozi ukweli.

Mzee nampa tano kwa tano, rafti nne, aliyepanga hiyo ratiba mbili na ni kwa huruma. Mimi nikirudi nalala Kiganjo, navua mapema, rafti kesho yake. Picha waliahidi kutuma WhatsApp jioni ile ile, leo ni wiki ya tatu.