TAHADHARI: anayeuza "mtihani wa kujiunga" na shahada za afya ni tapeli

Kuna jamaa wa kundi la udahili wa vyuo, wengine mnamjua, amerudi na namba mpya ya simu. Safari hii anauza mtihani. Maabara, radiografia, fiziotherapia: elfu 45 ya "kiti", elfu 20 ya "maswali ya miaka iliyopita". Miaka ipi, mwizi mkubwa wewe?

Binti aliyelizwa juzi si mjinga. Tangazo lilikuwa na nembo ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Akajaza fomu: namba ya mtihani wa kidato cha sita, picha, simu ya mzazi. Saa mbili usiku kiungo kikafunguka: maswali 60, dakika 90, na saa juu ya kioo inakimbia. Maswali yenyewe magumu kweli, nefroni, bafa, mionzi. Nani angedhani tapeli anajisumbua hivyo? Kumbe kayanyofoa kwenye mitihani ya zamani ya NECTA, Baraza la Mitihani. Hajatulia, ujumbe huo: "Hongera, 78%. Lipia laki na nusu kabla ya saa sita usiku, nafasi zinaisha." Kabla ya kuweka namba ya siri, simu ikaonyesha jina la duka la vifaa vya simu. Akauliza. "Ni wakala wetu." Akalipa.

Jamani, ukitoka kidato cha sita unaingia kwa ufaulu wako wa Fizikia, Kemia na Biolojia. Ukitoka diploma, ni GPA (wastani wa alama zako) pamoja na AVN, namba ya uhakiki wa diploma yako inayotolewa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Vigezo vimo kwenye mwongozo wa TCU, unapakuliwa bure, na maombi unatuma chuoni mwenyewe. Chuo cha umma kinakupa namba ya malipo ya tarakimu 12 inayoanza na 99.

Hela ni nusu ya hasara. Akiwa na namba yako ya mtihani anaweza kukufungulia akaunti chuoni kwa simu yake. Ukija kuomba, mfumo unakukataa; ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, namba ya kuthibitisha chuo unachokitaka inaingia kwake. Uliyejaza ile fomu, omba leo. Ukikataliwa, nenda ofisi ya udahili ya chuo na kitambulisho.

Namba yake itumeni 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu; ujumbe wa muamala upelekeni polisi, msiufute. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Afungwe! Na lile duka linalompokelea hela lifungwe pia.