TAHADHARI: Muuza usukani wa kaboni mwenye video ya matofali ni tapeli

Wadau, naandika kwa mkono mmoja, wa pili umefungwa baada ya usukani wake kunivunjikia, na hasira ya watu kumi, kwa hiyo herufi zikiruka mnivumilie. Kuna muuzaji wa vipuri vya baiskeli vya kaboni (nyuzi nyepesi zilizogandishwa kwa gundi) huku mitandaoni. Anaagiza kutoka nje na kusambaza: usukani, shingo za usukani, paipu za siti, uma za mbele, rimu, hata fremu nzima. Bei zake ni kama robo ya bei ya orijino. Jina la ukurasa hulibadilisha kila akishtukiwa, lakini video haibadilishi. Ni ileile ya usukani uliolazwa juu ya matofali mawili, wanaume wawili wamesimama juu yake wanacheka. Ukiiona hiyo video, kimbia. Na kama umeshanunua kwake, fungua hicho kitu leo hii, usingoje wikiendi.

Usukani wa zamani wa baiskeli yangu ulikuwa umeshaniishia. Nilikuwa natafuta mwingine, nikaelekezwa kwake.

Sasa najua kuna watu wameshaanza na "rahisi ghali" yao. Subirini kwanza niwaeleze alivyonipata, halafu mniambie nani kati yenu angechomoka.

Tapeli niliyemzoea ana haraka. Anakuita "bosi", anakwambia zimebaki mbili, lipa sasa. Huyu hakuwa na haraka hata kidogo. Nilimwambia nataka usukani wa sentimita 44. Akaniuliza upana wa mabega yangu. Nikampa. Akaniuliza uzito wangu, na kama huwa napenda kushika chini kwenye pembe au juu kwenye breki. Halafu akaniandikia: "Ndugu yangu, 44 utakuumiza mabega, chukua 42. Na 42 kwa sasa sina, ukivumilia mzigo unaingia." Jamani! Mtu ana 44 stoo, pesa yangu iko mkononi, na anakataa kuniuzia! Nani anamshuku mtu wa namna hiyo? Pale ndipo aliponimaliza. Yaliyofuata nilikuwa namsikiliza kama mtu anavyomsikiliza daktari wake.

Mzigo "ulipoingia" akanitumia picha. Kila picha sehemu yenye jina la kampuni imefunikwa kwa tepu nyeusi. Nikamuuliza. Akasema kiwanda hicho ndicho kinachozitengenezea kampuni kubwa, kwamba hii ni ziada ya oda, na mkataba hauruhusu jina lionekane. Na ubaya wa uongo ule ni kwamba nusu yake ni kweli. Baiskeli nyingi za kaboni za majina makubwa zinatengenezwa China na Taiwan, anayefuatilia mchezo huu analijua hilo. Kwa hiyo mtu akikwambia "kiwanda kilekile, bila jina", akili inakubali yenyewe. Ile tepu nyeusi kumbe kazi yake ni nyingine kabisa: mtandao usiishike bidhaa feki kwa kusoma nembo.

Akaongeza stika ya "T1000". Nikaenda kusoma, maana mimi si mtu wa kununua nikiwa nimefumba macho. Nikakuta T700, T800 na T1000 ni majina halisi ya nyuzi za kaboni za Toray ya Japani, na T1000 ni kali kuliko T700. Nikaridhika. Kitu ambacho stika haisemi ni kwamba hakuna anayeweza kuutazama usukani uliokwisha pakwa rangi akajua ndani kuna uzi gani. Stika inachapishwa na yeyote mwenye printa. Na ule urembo wa juu wa miraba miraba wanaouita 3K, maana yake ni kwamba kila fungu la uzi lina nyuzi 3,000 tu, basi. Mara nyingi ni tabaka la nje la kupendezesha macho.

Halafu cheti. Mungu wangu, kile cheti! Kina muhuri, kina sahihi, kina neno ISO, lile shirika la kimataifa la viwango, kubwa juu. Nilipokiona moyo ukatulia. Cheti chenyewe kilikuwa cha ISO 9001. Sikilizeni vizuri hapa. ISO 9001 inahusu jinsi kampuni inavyoendesha mambo yake, kumbukumbu na taratibu za ubora. Haisemi kwamba huu usukani umejaribiwa. Kiwango cha usalama wa baiskeli ni ISO 4210, na humo ndimo vipuri vinapopigwa na kusukumwa kwa mashine mpaka ijulikane vinahimili nini. Fremu peke yake inakanyagwa na mashine mizunguko 100,000. Ndiyo maana ile video ya matofali ni upuuzi mtupu. Kusimama juu ya usukani mara moja hakupimi chochote. Kaboni mbovu inaweza kukubeba leo, kesho na keshokutwa, huku ufa unakua kidogo kidogo ndani usiuone.

Malipo alitaka yapite nje ya mtandao wa mauzo "kukwepa makato". Nikalipa. Ukafika umefungwa vizuri, mwepesi, unang'aa. Fundi wetu aliufunga mbele yangu, kwa spana ya kupimia, nyutonimita 5 (kipimo cha nguvu ya kukaza) kama ilivyoandikwa, na ile pasta ya chengachenga ya kaboni akapaka pale kwenye shingo. Nalitaja hili mapema kwa sababu jamaa baadaye alikuja kusingizia ufungaji.

Ulivunjika napanda kilima. Sikuwa kwenye kasi, sikuingia shimo, sikugonga kitu. Nimesimama kwenye pedali, navuta usukani kama kila mtu anavyovuta mlimani, nikasikia "pa!" kama tawi kavu, na upande wa kushoto ukanibaki mkononi unaning'inia kwenye waya wa breki na tepu. Haukupinda kwanza. Haukulia hata mara moja siku za nyuma. Nikaangukia mkono. Kilima kile kina upande wa pili wa kushuka, na walionizoea wanajua huwa nakushukaje. Sitaki hata kufikiria.

Fundi akaukata kwa msumeno wa chuma tuone ndani. Wadau, pale kwenye kona ulipovunjikia, ukuta wa bomba upande mmoja ni mnene, upande wa pili mwembamba kiasi kwamba ukibonyeza kwa kidole unahisi unalegea. Tabaka za nyuzi zimejikunja kama shuka lililotandikwa na mtu aliyechelewa kazini. Katikati ya tabaka kuna vitundu vya hewa. Sehemu nyingine ni donge la gundi tupu, halina uzi hata mmoja, na kipande cha ule mfuko wa plastiki wanaoupuliza ndani ya kalibu kimeachwa humohumo kimegandamana. Nguvu ya kaboni iko kwenye nyuzi, na nyuzi zinabeba mzigo zikiwa zimenyooka na kupangwa kwa pembe zinazotakiwa. Zikijikunja, au pakibaki gundi peke yake, umeshika plastiki iliyopakwa rangi ya gharama.

Nikampelekea picha. Jibu la kwanza: "Ulikaza sana." Nikampa maelezo ya spana. Jibu la pili: "Labda ulishaanguka nao." Sijaanguka nao. Jibu la tatu ndilo lililonipandisha presha: "Hata za kampuni kubwa zinavunjika, muulize van der Poel."

Haya, tumuulize van der Poel. Machi 2021, kwenye mbio za Le Samyn kule Ubelgiji, Mathieu van der Poel, mwendesha baiskeli maarufu wa Uholanzi, alivunjikiwa usukani wa baiskeli yake ya Aeroad, ya kampuni ya Canyon, katikati ya mbio. Ni kweli kabisa. Sasa ilifuata nini? Kampuni ikawaambia hadharani wenye baiskeli za aina ile waache kuzipanda mpaka tatizo litatuliwe. Ilijua imemuuzia nani nini. Wewe uliniambia nini? Ulinibloku! Hiyo ndiyo tofauti, ewe mwizi, na ndiyo sababu bei zako ni robo. Umeondoa upimaji, umeondoa namba ya utambulisho wa bidhaa, umeondoa mtu wa kujibu simu.

Wala msinielewe vibaya, sisemi kaboni ni mbaya. Greg LeMond alishinda Tour de France ya 1986 juu ya fremu ya kaboni. Ndege ya Boeing 787 karibu nusu ya uzito wake ni vitu vya jamii hiyohiyo. Na metali nayo haina undugu na mtu: mwendesha baiskeli George Hincapie alianguka vibaya kwenye mbio za Paris–Roubaix za 2006 baada ya bomba la uma wake kukatika, na lile bomba lilikuwa la alumini. Wala sisemi kila kinachotoka China ni takataka, kuna viwanda vya huko vinauza kwa jina lao wenyewe, vinapima, na vinawajibika. Shida yangu ni kitu kisicho na mwenyewe. Kikivunjika, kimevunjika cha nani?

Huyu mtu anatakiwa awe ndani. Sisemi kwa mzaha. Anayeuza simu feki anakuibia pesa, anayeuza usukani feki anakuibia meno, na siku nyingine anamwacha mtoto wa mtu barabarani mbele ya lori. Angepandishwa yeye kwenye baiskeli yenye usukani wake, aambiwe ashuke mlima bila kushika breki, tuone kama atacheka kama wale wa kwenye matofali. Nimesharipoti ukurasa, nimewaandikia waliopitisha malipo, na kampuni ambayo nembo yake ilikuwa chini ya tepu nimewatumia picha na vipimo. Nyie nanyi ripotini. Akifungua ukurasa mwingine, ripotini na huo. Asilale.

Kuna walioniuliza faragha ningemjuaje mapema. Nembo iliyofunikwa, nimeshasema. Malipo ya pembeni. Cheti kisichotaja kipuri chenyewe wala kiwango cha baiskeli. Alama ya UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, kwenye fremu na uma nayo isikutulize: ule utaratibu wa idhini ulianza 2011 na unaangalia umbo na vipimo kama vinaruhusiwa mashindanoni, haupimi kama kitu kitavunjika, na stika yake nayo inaigwa. Lakini lililonichoma zaidi nililiona nikiwa nimeshaumia, nilipoketi kusoma maoni ya wateja wake. Nyota tano tupu, mamia. Na wote wanasifia boksi! "Umefika salama", "mwepesi sana", "unapendeza", "asante kwa huduma ya haraka". Hakuna hata mmoja aliyerudi baada ya msimu mzima kusema bado anaupanda.

Walio na vipuri vyake tayari. Kishikio cha chupa acheni, kikivunjika utapoteza chupa. Usukani, shingo, uma na paipu ya siti toeni, bila mjadala. Rimu zake za zile breki zinazobana rimu yenyewe nazo toeni, maana kwenye mteremko mrefu breki inachemsha rimu, na gundi isiyo ya kiwango inalainika kwa joto hilo. Watu watawaambia mgonge kwa sarafu msikilize kama kuna sehemu inatoa sauti iliyokufa. Ni sawa, sauti iliyokufa ni dalili mbaya, lakini sauti nzuri haikuhakikishii kitu. Wangu niligonga na ulilia vizuri kabisa. Kuna wataalamu wanaopima kaboni kwa mawimbi ya sauti, ila gharama yake kwa usukani wa robo bei haina maana, nunueni wa alumini wa kampuni inayoeleweka, uzito unaoongezeka hata hamtauhisi.

Na mkivitoa msiviuze, msimpe mtu bure, msivitupe vizima. Kateni vipande kwanza, mkiwa mmevaa barakoa na glavu kwa sababu lile vumbi linawasha na si la kuvutwa puani. Ila kabla ya kukata, pigeni picha ya kipuri kizima, ya stika, ya boksi na ya risiti ya kutumiwa mzigo, na skrinshoti za mazungumzo kabla hajawabloku, halafu nitumieni faragha. Tunakusanya za wote tulioumizwa ili zipelekwe polisi kwa pamoja, maana mtu mmoja mwenye mkono uliofungwa wanamwambia aende nyumbani akapumzike.